Tahasusi ya sanaa bila mwalimu wa sanaa, mtoto anachagua nini?

Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tabata hapa Dar es Salaam, nina binti kamaliza kidato cha nne na saivi nyumbani kwetu hakuna mada nyingine zaidi ya kombi, yani tahasusi, yale masomo matatu ya kwenda kusoma kidato cha tano na sita. Asubuhi kombi, chakula cha usiku kombi, mjomba wake akipiga simu kutoka Dodoma ni kombi. Nimeona niandike maana najua siko peke yangu, kuna nyumba nyingi saa hizi zimekaa na matokeo mkononi na dirisha la kubadili machaguo likifungwa ndo limefungwa.

Binti yangu matokeo yake sio mabaya wala sio ya kurusha vigelegele. Kiswahili B, Kiingereza C, Historia C, Jiografia D, Hesabu hatukuelewana nayo toka darasa la tano, na somo la kuchora, lile wenyewe wanaita faini ati, kapata A. Hiyo A ndo iliyoleta kelele zote. Yeye anasema anataka kwenda advansi kusoma tahasusi yenye somo la kuchora ndani. Mjomba wake anasema aende HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, abaki na njia nyingi. Baba yake yuko katikati, leo huku kesho kule. Na mimi nilianza nikiwa upande wa mjomba, naomba niseme ukweli huo mapema.

Kwa wasiofuatilia, zamani tulizoea orodha fupi ile, PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HGK, HKL na wenzao, ukijumlisha zote zilikuwa 16. Machi 2024 serikali ikatangaza tahasusi mpya 49 zikaongezwa kwenye zile, jumla zikafika 65, zikapangwa kwenye makundi 7: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa, na elimu ya dini. Waliomaliza kidato cha nne 2023 ndo wakawa wa kwanza kuzikuta. Yani kwa mara ya kwanza mzazi wa kawaida kama mimi anafungua orodha anakuta muziki, maigizo na kuchora vimekaa palepale kwenye meza moja na fizikia, na mtoto anaruhusiwa kabisa kunyoosha kidole akasema mimi nataka hiki. Mimi nilifurahi. Nilivyoona kwenye simu nilimwita binti nikamwambia njoo uone, alikuwa kidato cha tatu wakati huo, hata yeye hakuamini.

Kabla sijaenda mbali kuna jambo la jina linalotuchanganya. Hapa kwetu ukimwambia mtu mwanangu anasoma sanaa, anaelewa Historia na Jiografia. Toka zamani "masomo ya sanaa" maana yake ni yale yasiyo ya sayansi, basi. Kwahiyo binti yangu alivyosema "mama mimi naenda sanaa" bibi yake akaitikia vizuri sana, hewala mjukuu wangu utakuwa mwalimu, alafu tulivyomfafanulia kwamba ni sanaa ya kuchora akanyamaza akaendelea kuchagua mchele. Neno moja, vitu viwili, na mimi nadhani nusu ya dharau inayolipata hili somo inaanzia hapo, kwamba hata jina lake limeshachukuliwa na wengine.

Sasa niseme kwanini nilibadilika.

Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mchoraji wa kanga. Enzi hizo viwanda vya nguo viko moto, Urafiki hapa Dar, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Sunguratex, Polytex ya Morogoro, yeye alikuwa kwenye kiwanda kimoja wapo, chumba cha wachoraji. Watu wanavaa kanga toka wamezaliwa, wanabebewa kwa kanga, wanazikwa na kanga juu ya jeneza, lakini uliza ni nani anakaa anachora hiyo kanga, hakuna anayewaza. Baba alikuwa anachora pindo, anachora mji, jina wanaleta wenye biashara. Alafu ule mchoro lazima autenganishe rangi moja moja, kama kanga ina rangi 3 basi anachora karatasi 3 za kuangaza, hii ya nyekundu tu, hii ya njano tu, hii nyeusi tu, na zile karatasi zikipishana hata unywele mmoja ua linatoka na kivuli kama mtu anayeona vitu viwiliviwili. Alikuwa anarudi nyumbani macho mekundu. Na alipenda kutuuliza watoto wake, nyeupe ya kanga inachapwa na karatasi gani? Tunabaki tunatazamana. Anasema nyeupe haichapwi wanangu, nyeupe ni kitambaa chenyewe nimekiacha, kazi kubwa ni kujua pa kuacha.

Ada zetu sisi watoto 5 zimetoka kwenye hilo pindo na huo mji. Nyumba ya Tabata niliyomo mpaka leo ilianza na hela hiyo. Na bado, Mhariri, mwanangu alivyoniambia anataka kuchora, neno la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa "utakula nini?" Mimi mtoto wa mchoraji. Nimelifikiria sana hilo na limeniuma.

Kilichonigeuza ni jambo dogo. Bibi yake, mama mkwe wangu, huwa anakaa kibarazani jioni na ungo anachagua mchele. Siku moja binti kachukua kalenda ya mwaka jana, kageuza nyuma kwenye weupe, kaokota mkaa kwenye jiko la mama wa chapati hapo nje, kaanza kumchora bibi yake mikono tu, uso hakuuchora. Mie nilikuwa nashona nikawa nachungulia. Mishipa ya juu ya kiganja kaitoa kwa kusugua na dole gumba, ile ngozi inayoning'inia kwenye kifundo kaiweka, pete ya bibi iliyozama kwenye kidole haitoki tena kaiweka. Alafu mchele. Nikasema hapa sasa tuone, maana mchele mweupe na karatasi nyeupe na mkaa mweusi, utachoraje? Hakuchora hata punje moja. Kaweka vivuli vidogovidogo tu chini ya pale punje zilipo, karatasi ikabaki nyeupe, na mchele ukaonekana umejaa ungo. Nilisimamisha cherehani. Yule mtoto babu yake alifariki hajajifunza hata kutembea, hajawahi kumsikia akisema nyeupe haichapwi. Nikamuuliza nani kakufundisha kuacha hivi, akasema "ticha wetu, alituambia kabla hujachora angalia kwanza usichore nini."

Kwahiyo hilo ni somo. Linafundishwa, kuna mtu anayelijua kuliko mwingine, kuna kosa na kuna sahihi, kuna mtoto anayeelewa na asiyeelewa. Mjomba wake akinipigia kusema "dada, kuchora ni kipaji, kipaji hakisomewi, wewe muache asome vitu vya maana atachora wikendi," mimi namuelewa anakotoka maana anampenda mpwa wake na yeye ndo aliyemlipia ada ya kidato cha tatu, nisije nikaonekana namsema vibaya. Lakini hapo hapana kaka yangu. Hesabu nayo ni kipaji na watu wanaisomea.

Yeye hoja yake kubwa ni Tingatinga. Anasema mbona Tingatinga hakusoma na dunia nzima inamjua. Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kafika darasa la nne, kafanya vibarua, ilipofika mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ile ya kung'aa wanayopakia baiskeli, akauza pale Oysterbay kwa wageni. Mwaka 1972 akafariki, polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi na mpaka leo jina lake ndo jina la uchoraji wenyewe. Lakini mjomba anasahau wengine. Sam Ntiro wa Machame alisoma uchoraji Makerere, akaenda kuusomea tena London, na nchi ilivyopata uhuru huyohuyo mchoraji ndo Mwalimu Nyerere akampeleka Uingereza kuwa balozi wetu. Elimo Njau naye Mchaga wa Marangu alisoma Makerere, mwaka 1959 kachora kuta za kanisa kule Murang'a Kenya, Yesu mwafrika kwenye mandhari ya kwetu, alafu 1965 kaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi. Hawa walikaa darasani. Aliyeingia kwa mlango wa barabarani na aliyeingia kwa mlango wa darasa wote wapo, sasa kwanini tumfungie mtoto mlango mmoja kwa sababu mwingine alipita dirishani?

Hoja yake nyingine ni kompyuta, kwamba siku hizi unaiandikia kompyuta inakuchorea kwa dakika moja. Hii sikuijibu kwa maneno, nilimjibu kwa kazi. Mwezi uliopita mteja kaniletea picha ya gauni la harusi kwenye simu, zuri mno, limetengenezwa na hizo programu za kuchora zenyewe, akasema nataka hili hili. Nimekaa na ile picha nimeizungusha, bega la kushoto mkono umeota tu kutoka kwenye kitambaa, hakuna mshono, hakuna pa kuingizia mkono, nyuma zipu haipo na vifungo havipo, yani huyo bibi harusi angevaaje? Ikabidi binti ndo akae na yule mteja, akamuuliza unapenda nini hapa, shingo au urefu au hii mikunjo, akachora upya mbele yake kwenye karatasi, mbele na nyuma na ubavu, pens na mishono yote, mimi nikakata kwa mchoro ule. Gauni limeshavaliwa. Mteja alivyolipa nilimpa binti sehemu yake na nikampigia mjomba nikamwambia.

Haya. Hapo ndo nikawa nimekubali, baba yake naye akakubali, nikadhani kazi imeisha. Kumbe hapo ndo nilipokutana na jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jirani yetu mtaa wa pili ana kijana alimtangulia binti yangu. Yule anapiga kinanda kanisani toka mdogo, kachagua tahasusi yenye muziki, kapangiwa shule moja mikoani, mama yake kauza friji ya biashara kumpeleka, godoro, ndoo, nauli, sare, kila kitu. Kijana kafika. Mwalimu wa muziki hakuna. Sio kwamba yuko likizo, hakuna, hajawahi kuwepo. Kinanda kimoja kipo ofisini kimefunikwa kitambaa, vitufe havishuki. Wamekaa kama wiki tatu kipindi cha muziki wanajisomea, alafu wakaitwa wakaambiwa kiungwana tu, wanangu, tuwe wakweli, hamieni HKL muwahi na wenzenu kabla hawajafika mbali. Wakahama. Hakuna aliyewatukana, mkuu wa shule naye wa watu hana pa kumtoa mwalimu, hawezi kumfinyanga. Lakini yule kijana alichagua nini? Alichagua herufi. Mimi simtaji wala shule siitaji maana nia yangu sio kumchongea mtu, nia yangu ni hili: kwenye orodha mtoto anaona jina la shule na anaona tahasusi, basi. Haoni kama kuna mwalimu.

Na kwa Historia hilo sio tatizo kubwa. Mwalimu wa Historia akikosekana leo, mtoto ana vitabu, ana madaftari ya kaka zake, ana tyusheni mtaani, ana maswali ya mitihani iliyopita, anaweza kujikokota akafika. Kuchora huwezi kujikokota hivyo. Unahitaji mtu asimame nyuma yako akuambie hapa kiwiko kimekuwa kirefu. Kufinyanga unahitaji udongo na mahali pa kuuchomea. Muziki unahitaji chombo kinachotoa sauti. Maigizo unahitaji angalau chumba ambacho mkipaza sauti darasa la jirani hawalalamiki. Kuna masomo ukitoa mwalimu yanabaki robo, haya ukitoa mwalimu hayabaki kabisa.

Kwahiyo ombi langu kwa wanaohusika, na naamini wanasoma, ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kwenye kila shule iliyoandikwa ina tahasusi ya sanaa, pembeni waandike vitu vitatu: walimu wa hilo somo ni wangapi na wako kazini, chumba cha kufanyia kazi kipo au hakipo, na mwanafunzi anatakiwa aje na vifaa gani. Vitatu tu. Shule isiyo na mwalimu isiandikwe kabisa mpaka impate. Hata tahasusi 65 zikibaki 40 za kweli mimi mzazi naona nafuu kuliko 65 ambazo nyingine ni karatasi. Na walimu hao kama ni wachache, wakusanywe kwenye shule chache kila kanda, ziwe shule za sanaa zinazojulikana, watoto waende huko, kama ambavyo tunajua mtoto wa sayansi mwenye ufaulu wa juu anaota Kibaha au Ilboru. Mtoto wa kuchora aote wapi? Nitajieni shule moja ambayo mzazi wa Tabata akisikia mwanae kapangiwa huko kwa ajili ya kuchora anapiga kigelegele.

Walimu nao wapo kwa kuanzia, sio kwamba nchi haina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu miaka yote hii, watu wanahitimu kuchora, muziki, maigizo. TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, wanatoka vijana wanaojua ngoma na jukwaa na uchoraji. Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za majahazi, wanafundisha taarabu na ala zake za nyuzi, udi na kanuni. Mwenge pale kwenye vinyago kuna mafundi wa Kimakonde mpingo mmoja wanaukalia mwezi. Hivi haiwezekani fundi kama yule akaja shuleni mara mbili kwa wiki akawaonyesha watoto namna ya kushika patasi, akalipwa chochote, mwalimu mwenye cheti akabaki na nadharia? Kwenye mkondo wa amali huku olevo, kidato cha kwanza mpaka cha nne, si ndo tunasema tunataka watu wa ufundi waingie madarasani? Basi na huku juu iwe hivyohivyo.

Niseme na upande wetu wazazi, maana sio kila kitu serikali. Tuna tabia mbaya ya kulifanya somo la ubunifu kuwa jalala. Mtoto kafeli fizikia, kafeli kemia, "basi apelekwe kuchora." Mwalimu anapokea watoto 30, wanaotaka kuwepo 4. Alafu mwisho wa mwaka tunasema somo halina maana. Binti yangu nilimbana kwenye hili. Nilimuuliza, unalikimbilia kuchora au unaikimbia hesabu? Akajibu vyote viwili mama, nikapenda alivyokuwa mkweli, nikamwambia leta michoro yako ya likizo, ile ambayo hakuna ticha aliyekutuma. Akaleta bahasha ya kaki imevimba. Bibi, paka wa jirani, boda boda kalala juu ya pikipiki yake, mimi nimeinama kwenye cherehani mgongo umepinda kama ndoano (huo mgongo sikuupenda lakini ndo wangu), kurasa na kurasa za masikio tu kwa sababu masikio yalikuwa yanamshinda. Masikio, Mhariri! Likizo nzima. Mtoto asiye na bahasha ya hivyo, hata kama ana A, mimi ningemwambia afikirie mara ya pili, na mwenye bahasha hata kama kapata C ningemsikiliza.

Na jingine ambalo nimejifunza kwa kukaa na mwalimu wake mmoja aliyenieleza kwa upole sana. Aliniambia mama, usiangalie somo la kuchora peke yake, angalia wale wawili wanaokaa nalo. Chuo kikuu wanahesabu prinsipo mbili, yani masomo mawili ya kidato cha sita uliyofaulu kuanzia E kwenda juu, na pointi zisizopungua 4, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sasa mtoto akiweka moyo wote kwenye kuchora akapata A, alafu yale mawili yakaanguka, hiyo A imebaki yatima haimfikishi kokote. Kwahiyo binti yangu Kiswahili chake cha B ni lazima kiwe mmoja wa wale wawili, hilo halina mjadala, na cha tatu bado tunabishana. Pia aliniambia kila mwaka TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wanatoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila shahada inataka masomo gani, tukisome kabla na sio baada. Tumekipakua, bando liliisha katikati tukanunua jingine, tumekaa usiku mzima na kalamu ya wino mwekundu tukizungushia kila sehemu yenye somo lake. Mjomba naye tulimtumia kurasa zile kwa WhatsApp. Amejibu kesho yake, "nimeona." Kwake yeye hilo ni jibu kubwa.

Nisisahau wale wanaosema mtoto wa kike na kuchora wapi na wapi. Hao sina la kuwajibu zaidi ya kwamba mikono iliyopaka rangi vyombo vya udongo, iliyosuka mikeka ya ukindu na kuipangia rangi, iliyochora hina kwenye miguu ya maharusi pwani yote hii toka Lamu mpaka Kilwa ni ya nani? Wanawake wamechora siku zote. Tofauti ni kwamba walikuwa hawapewi cheti.

Majirani zetu nao wanatembea. Kenya kwenye sekondari yao ya juu, hii mpya, wameweka njia tatu na moja wapo ni sanaa na michezo. Uganda kule kuchora advansi ni jambo la kawaida sana toka zamani, mtoto anachanganya na Historia au Uchumi na hakuna anayeshtuka. Sisemi tuwaige kila kitu, najua nao wana vilio vyao vya walimu na vifaa, nasema tu kwamba mwanangu na mtoto wa Kampala na wa Mombasa watakutana kwenye soko moja la kazi, na mmoja asiwe ameenda na mkaa wa kuokota wakati wenzake wamefundishwa.

Hapa ninapoandika dirisha limebakiza siku chache. Tumechukua orodha ya shule zenye tahasusi anayoitaka, tumezipigia moja moja kwa simu, kazi ambayo wala haikupaswa kuwa ya fundi cherehani. Moja namba haipatikani. Moja wamesema mwalimu "anategemewa." Moja wakasema ndiyo tunayo, nikauliza ni mwalimu wa kuchora kweli au ni wa Jiografia anayeshikilia, yule mama wa ofisini akacheka akasema subiri, akaenda kumwita mwenyewe. Mwalimu kaja kwenye simu. Sikujua nimuulize nini, nikamuuliza hilo hilo, mwalimu wewe mchele mweupe kwenye karatasi nyeupe unawafundisha wauchoreje? Akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Mama, hauchorwi. Unaachwa."

Kesho alfajiri tunapanda basi, mimi na yeye, na bahasha yake ya kaki, tukakione hicho chumba kwa macho kabla hajabonyeza.

Ni mimi mzazi,
Tabata, Dar es Salaam